Moshi wa Saa Saba

Lori lilikuwa limeshatoka getini nilipofungua gunia nikakiona chungu changu. Nikapiga paa la dereva kwa ngumi, mara tatu, ile ya kumwambia mtu asimame. Hakusimama. Nilikuwa nimekaa juu ya mizigo, kati ya mahema na madumu ya maji, upepo unanichapa usoni, na mapajani nimepakata kitu nilichokijua kwa miaka thelathini na minane. Kilikuwa uchi.

Niseme kidogo, kwa sababu wengi mmezoea sufuria nyepesi. Chungu cha chuma cha kusubu, chuma kilichoyeyushwa kikamiminwa, kile kizito chenye miguu mitatu na mfuniko wenye ukingo wa kushikilia makaa, hakiuzwi kikiwa tayari. Ukikinunua ni cha kijivu, kinagandisha kila chakula, kinaota kutu ukikitazama vibaya. Unakipaka mafuta kidogo sana, unakiweka motoni mpaka mafuta yaungue yashikane na chuma, unakifuta, unapaka tena. Miaka inapita. Kila mchuzi unaacha chake. Mwishoni kinapata ngozi nyeusi inayong'aa, na ukikaanga yai linateleza lenyewe kama lina safari. Chungu cha namna hiyo hakiogi sabuni. Kinasuguliwa kwa maji moto, kinakaushwa motoni, basi.

Sasa mtu alikuwa amekikwangua kwa sabuni na waya wa kusugulia masufuria, nje na ndani, kisha akakifunga guniani kikiwa na maji. Kwenye kitako kutu ya rangi ya chungwa ilikuwa imeshaanza kuchungulia.

"Nani kafanya hivi?" nikamuuliza mdogo wangu. Alikuwa amekaa mbele yangu juu ya mkoba wa kamba, ameshika kofia isiruke.

"Mkwe," akasema. "Alitaka king'ae kwenye picha."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo."

"Ukawa unatazama."

"Kaka, yule kamuoa binti yangu. Nimnyang'anye waya mkononi?"

Hapo ndipo pa kuelewa jambo zima, kwa hiyo nitalieleza mara moja nisirudie. Mdogo wangu alikuwa kiongozi wa porini tangu ujana. Watu walimwita Dira, maana alikuwa hapotei. Mimi nilikuwa mpishi wa kambi, wakaniita Masizi, na sababu yake iko usoni. Tumezunguka pamoja na wapima ardhi, wachimba visima, wajenga barabara, watu wa kuhesabu wanyama. Uzeeni kazi zikakauka. Ndipo mume wa binti yake akafungua biashara ya kufundisha watu wa maofisini kuishi porini siku tatu: kuwasha moto, kutafuta maji, kupika kwenye chuma, kutopotea. Akatuchukua sisi wawili. Ikawa mkwe ndiye bosi, na baba mkwe ndiye mfanyakazi. Mpangilio huo haufai hata kwenye genge la kuuza chai. Dira hakuweza kumwambia mkwewe "hapana". Aliona haya. Na mkwe hakuwa mtu mbaya, hilo ndilo lilikuwa linanichoma. Alikuwa mpole, anatuita "wazee wangu", anatufungulia mlango wa gari. Mtu mkorofi unaweza kumtukana ukapumua.

Kwenye tuta la kwanza lori lilipunguza mwendo. Binti yetu alikuwa amesimama pale na koti ambalo baba yake kalisahau. Akatembea pembeni ya lori akalirusha juu, nami nikalidaka, kwa sababu baba yake hakunyoosha hata mkono. Binti akaliona hilo.

"Baba mkubwa," akaniuliza, anatembea upesi, "baba macho yake vipi siku hizi?"

Dira akanikanyaga mguu.

"Anakuona wewe kuliko unavyojiona," nikamjibu.

Akacheka, lori likashika mwendo, akabaki nyuma.

Macho ya mdogo wangu yalikuwa yameota mtoto wa jicho, yote mawili. Nilijua peke yangu. Mwaka wa kwanza alisema ni vumbi. Mwaka wa pili alisema anaona kama mtu aliyeko nyuma ya pazia la nailoni. Weusi na weupe anatofautisha, umbo la mtu analijua, lakini alama za panga alizozikata mwenyewe kwenye miti hazioni mpaka azipapase. Nilimwambia aende hospitali. Akasema watamtoboa jicho abaki kipofu kabisa, na hata wasipomtoboa, mkwe akijua atamketisha kwenye kiti barazani amlindie watoto. Akaniomba ninyamaze. Kaka mkubwa nikanyamaza. Nilidhani namsitiri.

Na kulikuwa na njia ya kumsaidia, ndiyo iliyonidanganya. Tangu enzi za wapima ardhi tulikuwa na utaratibu wetu. Watu wakitoka kambini kwenda kazini, mpishi anabaki na moto. Kila saa ikitimia anatupa majani mabichi juu ya makaa, moshi mweupe unasimama robo saa nzima. Mpaka mtu wa mwisho arudi ahesabiwe, mpishi halali, haogi, haendi mbali. Pori letu ni la vichaka vya urefu mmoja, vimekushinda kimo kidogo tu, na njia za wanyama zinagawanyika kila hatua ishirini. Hakuna kilima cha kutazamia. Ukitaka kujua kambi iko wapi, unasubiri saa itimie unatazama juu. Dira akawa anaongoza hivyo. Kwenda, alikwenda kwa miguu na kumbukumbu, maana ardhi inateremka hadi mto wa mchanga. Kurudi, alirudi kwa moshi wangu. Moshi mweupe aliuona. Wateja hawakugundua kitu. Walimwona mzee anainua kichwa, kisha anasema "huku", wakadhani ni maajabu.

Siku ya kwanza kambini niliwasha moto, nikamwita Mkwe, nikamwonyesha kutu.

"Hiki nini?"

"Mzee wangu, kilikuwa cheusi sana," akasema. "Wageni wangeona uchafu."

"Ule haukuwa uchafu, yalikuwa mafuta."

"Basi tutakipaka mengine. Mafuta yapo."

Akaniletea chupa ya lita mbili, na tabasamu. Nikageuka nisije nikasema.

Wageni walikuwa sita, wa kampuni moja ya bima, walikuja na basi lao dogo. Mkubwa wao alikuwa mama wa miaka hamsini hivi, wenzake wanamwita Mkurugenzi hata porini. Kulikuwa na Mhasibu, mwembamba, domo halifungi. Kulikuwa na dada mmoja karani. Na watatu wa idara ya madai, ambao tangu washuke kwenye basi hawakuacha kudai: viti, kivuli, mahali pa kuchaji simu.

Siku ile niliwafundisha kupasua ukuni uliolowa mpaka kwenye moyo wake mkavu, kuuchonga maganda membamba kama vinyoya, kuwasha kwa njiti moja. Dira akawafundisha kutengeneza machela kwa fito mbili na makoti yaliyofungwa vifungo. Mhasibu ndiye aliyebebwa kwa majaribio.

"Nibebeni taratibu, sina bima," akasema.

"Unafanya kazi kwenye bima," karani akamwambia.

"Ndiyo maana sina."

Hata mimi nilicheka. Nawataja kwa wema kwa sababu walikuwa wema, na hasira yangu haiwahusu.

Asubuhi ya pili mbingu ilikuwa imefunga. Kijua hakuna, mvua ya rasharasha ilinyesha alfajiri, kuni zilizobaki zimelowa. Saa nne Dira akatoka na Mhasibu na yule karani kwenda mto wa mchanga, kujifunza kuchimba maji kwenye kona ya nje ya mto. Wangerudi kula saa nane. Waliobaki walikuwa wajifunze kuoka mkate chini ya mfuniko wa makaa.

Saa tano nikaweka moshi. Saa sita nikaweka moshi. Nilikuwa nimekipindua chungu juu ya makaa tangu asubuhi, nakipaka mafuta safari ya nne, kimeanza kurudi rangi ya kahawia. Kuni zilikuwa zinaisha. Kuni kavu ziko upande wa pili wa kambi, mbali na mto, kwenye miti iliyokufa imesimama, mwendo wa saa nzima kwenda tu. Nilipaswa kumtuma mtu. Wale wa madai wasingejua mti mkavu na mti unaojifanya mkavu. Nikamwita Mkwe.

"Nakwenda kuni," nikamwambia. "Saa saba kamili tupa majani haya juu ya makaa. Saa nane tena. Rundo lile pale, nimeshalikata. Usisahau."

"Usijali, mzee wangu."

"Nimesema usisahau."

"Saa saba na saa nane. Nimeshika."

Alishika kweli, alirudia maneno yangu yote. Nilimwambia la kufanya, sikumwambia kwa nini. Ningemwambia kwa nini, ningekuwa nimemwambia na macho.

Nilipokuwa narudi na mzigo kichwani, saa nane ilikuwa imepita. Nikainua uso kutazama moshi wangu, maana hata mimi huwa nautazama. Hakukuwa na moshi. Mbingu ile ya kijivu, vichaka, basi. Nikajiambia labda umekatika sasa hivi. Nikaongeza mwendo. Kuni zilikuwa zinanigonga shingo nikazitupa nusu njiani. Kisha nikatupa zote isipokuwa kifungu kimoja.

Kambini nilikuta watu wanakula tambi za pakiti kwenye vikombe vya plastiki. Jiko la gesi lilikuwa linanguruma juu ya meza ya kukunja. Mahali pa moto wangu palikuwa tope jeusi, na ndani ya tope chungu changu kimelala vipande viwili, ufa umekipasua toka mdomoni hadi kitakoni kama mtu kakikata tikiti.

"Moto uko wapi?" nikauliza.

Mkwe akasimama. Alikuwa na simu mkononi. "Tumeuzima, mzee wangu. Moshi ulikuwa unamwingia Mkurugenzi machoni, na kwenye video hatuonekani. Nikamwagia maji kidogo."

"Kidogo?"

"Ndoo."

"Juu ya chuma kilichokuwa motoni tangu asubuhi."

"Kilipasuka chenyewe. Kililia kama bunduki, sisi wote tukalala chini." Akajaribu kucheka. "Nitakununulia kingine, wallahi. Kizuri zaidi."

"Lini?"

"Nini?"

"Ulimwaga maji saa ngapi?"

Akatazama simu yake. "Saa saba kasoro."

Nataka ieleweke vizuri. Jana yake juu ya lori nilikuwa na hasira ya chungu. Pale mbele ya tope sikuwa na habari na chungu. Kingekuwa kimepasuka vipande mia nisingeinama. Nilikuwa nahesabu: moshi wa mwisho saa sita, sasa ni saa nane na nusu. Mdogo wangu yuko nyuma ya pazia lake la nailoni, ameinua kichwa mara mbili, hakuona kitu.

"Kwa hiyo saa saba hukuweka," nikasema. "Na saa nane hukuweka."

"Mzee wangu, baba analijua pori hili hata ukimfunga kitambaa machoni."

Maneno hayo. Watu wote wakawa wananitazama, na mimi nikawa natazama midomo yake. Ningeweza kusema palepale. Sikusema. Nilimpita nikachukua kuni, nikachimba mahali papya pakavu chini ya turubai, nikapasua, nikachonga. Nikajikata dole gumba kwa haraka. Nikachukua lile tambara la mafuta nililokuwa nikipakia chungu, nikaliviringisha na vinyoya vya ukuni, nikaviweka juu ya jiko lao la gesi mpaka vikashika. Sikuona aibu ya gesi. Mtu mwenye haraka hachagui kiberiti.

Saa tisa na robo moshi ukasimama.

Saa kumi kasoro tukasikia filimbi, kisha sauti ya Mhasibu, safari hii haina utani. Wakatokea kichakani yeye na karani, wameloa jasho, miguu imechanwa na miiba. Wawili.

"Mzee yuko wapi?" Mkwe akauliza.

"Hajafika?" karani akasema. Akaketi chini palepale.

Walieleza kwa zamu. Maji waliyapata vizuri. Saa saba Dira akasema turudi, akainua kichwa, akakaa hivyo muda mrefu. Wakamuuliza kuna nini. Akasema tusubiri kidogo. Wakasubiri saa nzima. Saa nane akainua kichwa tena. Akaanza kuzunguka, anapapasa miti kwa mikono. Mhasibu alidhani ni somo. Kisha akawaambia wakae pale kwenye shimo la maji wasiondoke hata iweje, yeye apande ukingoni mwa mto aone. Akaenda. Baada ya muda wakamsikia kwa mbali anasema "ule pale", kwa furaha. Halafu kimya. Walikaa, kwa sababu ndivyo walivyofundishwa. Walipouona moshi wakaamua kuufuata.

"Alisema 'ule pale' saa ngapi?" nikauliza.

"Saa nane na nusu hivi," Mhasibu akasema. "Labda na dakika ishirini."

Saa nane na nusu sikuwa nimewasha kitu.

Mkwe alikuwa ameshaanza kupanga watu. Alikuwa hodari wa kupanga. "Baba atakuwa amefuata alama za panga," akasema, anachora mchangani kwa kijiti. "Mstari wake unapanda na mto, unaingia kwenye miti mikubwa, unarudi huku. Tugawane makundi mawili tufuate alama. Yeye hawezi kutoka nje ya alama."

Mkurugenzi akasema ndiyo. Wale wa madai wakafunga viatu. Ilikuwa mipango mizuri kabisa, kwa mtu anayeona.

"Hazioni," nikasema.

"Nani?"

"Alama. Hazioni. Haoni kitu. Mwaka wa tatu huu. Anaona mweupe na mweusi tu. Anarudi kambini kwa moshi, na moshi uliuzima wewe."

 Karani akaziba mdomo kwa kiganja. Mkwe alisimama na kijiti chake, uso umemshuka kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni.

"Hamkuniambia," akasema.

"Nilikuambia saa saba! Nilikukatia mpaka majani!"

"Hamkuniambia macho." Sauti yake haikupanda, ile sauti ya upole ninayoichukia. "Mimi nampeleka baba yangu na watu porini, haoni, na ninyi wawili mmekaa mnajua. Mngeniambia, baba mkubwa, ningekaa juu ya ule moto mpaka usiku."

Nilimshika shati. Mkurugenzi akaingia katikati, akanitoa mkono kidole kimoja kimoja kama anavyomtoa mtoto kwenye sukari. "Mzee," akaniambia, "mtagombana baadaye. Mtu asiyeona, hana moshi, angekwenda wapi?"

Hilo ndilo swali. Nikafumba macho yangu. Kweli nilifumba. Niko kwenye shimo la maji, mbele yangu ukungu wote ni weusi wa vichaka. Natafuta kitu cheupe kilichosimama juu. Natafuta kwa hamu, saa ya pili sasa, na watu wawili wananitegemea.

"Korongo," nikasema. "Lile lenye udongo mweupe."

Lilikuwa upande wa kulia wa mto, mbali na njia ya kurudi. Maji ya zamani yalikata ukingo wake ukabaki ukuta wa udongo mweupe kama chokaa, unasimama juu ya vichaka. Mchana wenye mawingu, mtu mwenye macho mazima hawezi kuudhania moshi. Dira alikuwa ameukwepa miaka yote kwa sababu moshi wangu ulikuwa unamwambia mapema upande sahihi.

Tukaenda wote, isipokuwa mmoja wa madai aliyebaki kuweka majani. Nilimkalisha mbele ya moto, nikamwambia kwa nini. Safari hii nilisema kwa nini.

Tulimkuta saa kumi na moja na nusu, mwanga ungalipo. Alikuwa ametembea moja kwa moja kuelekea ule weupe, na mbele ya weupe ndipo palipokuwa na shimo la korongo. Alikuwa chini, kimo cha watu watatu, amelala ubavu, mguu mmoja umegeukia upande usio wake. Yuko macho. Nilishuka kwa makalio, mchanga unanifuata.

"Kaka," akasema kabla sijafika. Alinijua kwa pumzi.

"Ni mimi."

"Niliuona moshi wako."

"Haukuwa moshi."

"Najua." Alikuwa analamba midomo iliyokauka. "Wale watoto wawili?"

"Wamefika. Wako juu hapa."

"Alhamdulillahi. Basi hakuna kilichoharibika."

Mkwe akateremka nyuma yangu, akapiga magoti mchangani, akamshika mkono. Alikuwa analia waziwazi. "Baba, nisamehe. Mimi ndiye niliyezima moto."

Na mdogo wangu, nyonga imevunjika, mdomo una mchanga, akamwambia: "Usijisumbue, mkwe wangu. Nimeteleza tu. Wewe huna kosa hata kidogo."

Nilisimama. Nilitaka kupiga kitu na hakukuwa na kitu cha kupiga ila ule udongo mweupe, nikaupiga teke mpaka ukatumwagikia. Adabu ile. Adabu ile ndiyo iliyokisugua chungu, ikauzima moto, ikamtupa korongoni, na sasa imelala chini na nyonga imevunjika, bado inaomba radhi.

"Mwambie!" nikamwambia. "Mara moja tu katika maisha yako, mwambie mtu amekosea."

"Kaka, taratibu. Watu wako juu wanasikia."

"Wasikie. Wanajua kila kitu. Nimewaambia."

"Umewaambia nini?"

 Akaelewa mwenyewe, akautoa mkono wake mkononi mwa mkwe akaulaza kifuani. Hakuelekeza uso kwangu tena.

Wale wa bima walitengeneza machela. Sikuwasaidia. Fito mbili, makoti manne yaliyofungwa vifungo, kama alivyowafundisha jana yake, na walifunga vizuri kuliko walivyofunga darasani. Mkurugenzi alishika fito ya mbele kulia. Tulimpandisha kwenye mteremko wa upande wa chini wa korongo, tukafuata moshi mpaka kambini, tukamlaza kwenye lori juu ya mahema, na Mkwe akaendesha polepole kwenye kila shimo. Mimi nilikaa nyuma nimemshika mabega.  Nilimuuliza kama ana kiu, akatikisa kichwa. Nilimuuliza kama anaumia, akafumba yale macho yake.

Hospitalini binti yetu alitukuta mlangoni. Nilimweleza yote mimi mwenyewe, kuanzia kwenye tuta. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Baba mkubwa, nilikuuliza," akaingia ndani kwa baba yake.

Nyonga iliwekewa chuma. Daktari alipomwona macho akamwita mwenzake, na mwezi uliofuata wakamtoa mtoto wa jicho jicho la kulia. Kazi ya nusu saa, asubuhi, akarudi nyumbani kula chakula cha mchana. Nusu saa. Miaka mitatu tulificha kitu cha nusu saa. La kushoto walimtoa baadaye. Sasa anaona mpaka chawa wa kuku. Anatembea kwa fimbo, anakaa barazani kwa mkwewe, anawalinda wajukuu, na wanasema haonekani kuteseka. Porini hajarudi.

Mkwe alifunga ile biashara mwaka huohuo, akauza lori. Anakodisha mahema na viti vya harusi. Alininunulia chungu kipya kama alivyoahidi, nikampa jirani. Binti yetu yuko naye, wamepata mtoto wa tatu. Ananipigia simu sikukuu, ananisomea salamu kwa sauti moja kama mtu anayesoma bili.

Mkurugenzi alistaafu. Mhasibu amehamia benki. Karani sijui alipo. Wale watatu wa madai bado wako palepale.

Mdogo wangu hajaongea nami mwaka wa tano huu. Si kwa sababu ya moshi, wala ya korongo. Ni kwa sababu niliyasema macho yake mbele ya watu na mbele ya mkwewe. Mke wake alipofariki nilikwenda matangani, tukakaa mkeka mmoja siku tatu, nikamsogezea maji ya kunawa naye akanawa.

Mimi napika kwenye kambi ya wavunja kokoto. Watu ishirini na wawili, sufuria za bati, kuni zinaletwa na gari.